Ukiitwa Huku Usiitikie

Jumatano, tarehe sita Novemba 2019. Mvua ilinyesha kabla ya mapambazuko, ikakatika ghafla, na jua lilipochomoza bahari mbele ya kijiji cha Anse Soldat ilikuwa shwari, upinde wa mvua umesimama mguu mmoja majini. Lakini huko juu, kilele cha mlima Morne Placide kilikuwa kimejifunika wingu zito la kijivu, na wingu hilo halikuonyesha nia ya kuondoka.

Ansel Prosper alilitazama huku akimalizia chai yake ya kakao mlangoni kwa mama yake. Miaka kumi na minne ya kuongoza wageni ilikuwa imemfundisha kusoma kilele kile kama mtu asomavyo uso wa jirani. Wingu la namna ile asubuhi, mvua saa nane mchana. Siku nyingine angewaambia wageni wapumzike, waje kesho.

"Unaenda?" mama yake aliuliza, bila kugeuka kutoka kwenye kikaango.

"Naenda."

"Na kile kilemba kule juu umekiona?"

"Nimekiona, Mama. Tutakuwa tumesharudi."

Mama akamfungia mikate minne ya kukaanga na chewa wa chumvi katika kitambaa. "Haya. Mtangulize Mungu, na uangalie unapokanyaga."

Kuahirisha hakukuwezekana, kwa sababu leo alikuwa anakuja Bi Vidal. Huyu alikuwa afisa wa njia za milimani, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Ofisi yake ilikuwa imeamua kusimika ubao wa maelezo chini ya Ngazi za Watoro, zile ngazi ambazo watumwa waliotoroka mashamba ya miwa walizichonga kwenye jabali zamani walipopigana na askari wa wakoloni. Bi Vidal alikuwa ametumwa kusikiliza hadithi ya mahali pale na kuiandika. Na hadithi aliyokuwa akija kuisikiliza ilikuwa ya Ansel. Chini ya ubao, kwa rangi nyeupe, lingeandikwa jina lake.

Hadithi ile ilikuwa na kasoro moja tu. Haikuwa ya kweli.

Mwanzoni mwa njia aliwakuta watu wake watatu. Bi Vidal alikuwa ameshavaa koti la mvua. Kando yake alisimama Bibi Ozelia Laronde, mwenye miaka sabini na moja, mzaliwa wa Anse Soldat aliyekwenda Uingereza akiwa msichana, akapika katika jiko la hospitali huko Bradford mpaka akastaafu, na sasa alikuwa amekuja nyumbani kwa sherehe za Uhuru. Bibi yake mzaa mama alimwambia kwamba ukoo wao ulikaa juu ya ngazi zile. Alitaka kufika kabla hajafa. Alisema hivyo waziwazi, kama mtu anayetaka kwenda sokoni kabla hakujafungwa. Wa tatu alikuwa binti yake, Thecla, mwalimu, ambaye hakuitaka safari hii hata kidogo.

"Daktari alimwambia asipande hata ngazi za nyumbani," Thecla alimwambia Ansel.

"Daktari yule Mwingereza," alijibu Bibi Ozelia. "Ngazi zetu hazijui. Vijana, tuombe kwanza."

Wakainamisha vichwa. Bibi alisali kwa sauti, rozari yake ya mbao mkononi, akimtaja kila mmoja wao kwa jina, hata Bi Vidal aliyekuwa amemjua kwa dakika tano. Ansel akasema amina, tena kwa moyo.

Njia ilipita katika msitu ambao kimbunga cha miaka miwili nyuma kilikuwa kimeuvunja. Miti mikubwa ililala chini, na juu yake magugu na majani makali yalikuwa yameota kwa fujo, yakaficha mashimo na kingo za makorongo. Ansel alikwenda mbele na panga.

"Bibi, mwendo wako huo ni wa mbuzi," alisema.

"Mbuzi ana miguu minne, mwanangu. Mimi nina miwili, na goti moja ni la chuma. Hebu nikatie fimbo."

Akamkatia fimbo. Wakacheka. Saa tano na nusu walifika chini ya ngazi, na hapo hakuna aliyecheka tena, maana mahali pale huwa panamnyamazisha mtu. Jabali lilikwenda juu wima, na ndani yake zilichongwa ngazi zaidi ya mia, kila moja ikimfika mtu gotini, nyembamba, zinateleza kwa ukungu wa kijani. Bibi Ozelia aliigusa ya kwanza kwa kiganja, akakiacha pale.

"Haya, Bwana Prosper," alisema Bi Vidal, akiutoa mpira kwenye daftari. "Nasikiliza."

Ansel alishusha sauti, kama afanyavyo siku zote.

"Kila ngazi imepewa kimo hiki kwa makusudi. Askari walilazimika kupanda mmojammoja, na juu kuna mtu anawangoja na panga. Walishindwa. Basi wakatafuta hila. Walimpata msaliti aliyewajua watoro kwa majina. Kila ukungu ulipotua, alisimama bondeni akawaita, mmojammoja, kwa sauti ya upole. Aliyeitikia alijulikana alipo. Walioitikia wote waliuawa. Na mpaka leo ukungu ukitua, wanaita. Ndiyo maana wazee wanasema, ukiitwa huku usiitikie."

Habari ya kimo cha ngazi ilikuwa kweli. Yaliyobaki aliyatunga mwenyewe, miaka sita nyuma. Alianzia kwenye onyo ambalo kila mtoto wa Anse Soldat amelinyonya pamoja na maziwa, kwamba ukisikia jina lako msituni usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, akaongezea msaliti, askari na damu. Wageni waliipenda. Kila aliyeuliza swali la kuitoboa, Ansel aliziba tundu, na kwa miaka sita hadithi ilikuwa imezibwa pande zote mpaka haivuji.

"Sisi tulifundishwa mara tatu," alisema Bibi Ozelia polepole.

"Hawa wana subira, Bibi. Wanaita hata mara saba. Wanajua jina lako na la mama yako."

"Na wakisali?"

"Wanaijua rozari yote mpaka litania."

"Sasa mtu atamjuaje mwenzake?"

"Mpaka akuguse. Mkono wa mtu hai una joto."

Hapo ndipo wageni hucheka. Bibi Ozelia hakucheka. Alifanya ishara ya msalaba, akaitazama ile miti iliyoanguka.

"Mama, hiyo ni hadithi," alisema Thecla.

"Wewe umezaliwa Bradford," mama yake alimjibu.

Ansel aliuona uso ule wa mzee. Kitu kikamchoma kidogo upande wa kushoto, kama mwiba unaoingia bila kukaa. Lakini kalamu ya Bi Vidal ilikuwa inakimbia kwenye karatasi, naye akaiacha hadithi ilivyo.

Kupanda kuliwachukua zaidi ya saa moja na nusu. Ansel alimsukuma Bibi kwa nyuma, Thecla akamvuta kwa mbele, na walipofika kwenye kiwanja cha juu, mzee aliketi juu ya jiwe akalia kimya, kwa furaha. Wakampa maji na mkate. Wakamwacha apumzike.

Kuna kanuni moja ambayo kila mwongozaji wa milima ile huijua kabla ya kujua kushika panga: unapofika unahesabu watu, unapoondoka unahesabu, na katikati, kila ukigeuka, unahesabu. Siku hiyo alikuwa na watu watatu tu. Bado alishindwa.

Bi Vidal alimwita kando. "Ni nzuri sana. Ila ubaoni siwezi kuandika 'wazee wanasema'. Nataka jina. Uliipata kwa nani?"

Ansel alikuwa bado na nafasi. Angeweza kusema, Bi Vidal, futa hiyo.

"Kwa Mjomba Tiburce," alisema. "Mjomba wa mama yangu. Amekwisha fariki."

"Tiburce. Herufi ya mwisho ni e?"

"Ndiyo."

Alipogeuka, ukungu ulikuwa umeshatua juu ya kiwanja. Thecla alikuwa ukingoni akipiga picha. Fimbo ilikuwa imeegemea jiwe. Juu ya jiwe hapakuwa na mtu.

"Bibi?" aliita. "Bibi Ozelia?"

Hakuna.

Mwanzoni walidhani amekwenda haja. Wakangoja kidogo kwa adabu. Kisha Thecla akaita, "Mama!" na kisha, "Mamaaa!", na sauti yake ya pili haikuwa ya mtu mzima tena. Ansel akapiga filimbi. Akazunguka kiwanja akikata magugu, akiangalia kila ukingo. Nyuma ya kiwanja yalianza makorongo matatu, yote yamefunikwa na miti ya kimbunga, na mtu angeweza kutumbukia katika lolote bila kuacha hata jani lililovunjika. Simu hazikushika mtandao huko, na ya Bibi ilikuwa kwenye mkoba wa Thecla.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Ansel hakuhitaji kuliangalia wingu; alilisikia harufu.

Hesketh Bruney alitokea juu ya ngazi akihema, akiwa na mume na mke kutoka kisiwa jirani cha Martinique. Hesketh alikuwa mwongozaji wa zamani kuliko wote, mwenye tumbo na kofia ya majani, na yeye na Ansel walikuwa wametaniana na kugombania wageni kwa muda mrefu hivi kwamba hawakujua tena kuongea vinginevyo.

"Ansel, leo umepoteza nini, panga au akili?"

"Nimepoteza mtu."

Utani ukamtoka Hesketh usoni. "Makorongo?"

"Sijui lipi."

"Mvua ikianza huku juu, kwa dakika ishirini hivi maji yatakuwa yamejaa yote matatu."

"Najua, Hesketh!"

Wakaita wote, kwa zamu, wakinyamaza katikati wasikilize. Hesketh alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji. "Ozelia! Ozelia Laronde!" Jina likaenda bondeni, likarudi, likafa.

Thecla alikaa chini kwenye majani. "Mama anasikia vizuri kuliko mimi," alisema. "Angekuwa hai angeitika. Mama yangu hawezi kuitwa asiitike."

Hapo ndipo Ansel alipojua. Alimwona tena mzee akijifanyia ishara ya msalaba, akasikia tena swali lake, na wakisali? Na majibu yake mwenyewe, moja baada ya jingine, kama mlango unaofungwa kwa komeo, na wa pili, na wa tatu. Pengine Bibi Ozelia alikuwa hai. Pengine alikuwa mita hamsini kutoka pale, ameumia, anasikia kila kitu, naye ameufunga mdomo wake kwa mikono miwili.

Na je, alisema? Hakusema. Akili yake ilimwambia upesi, kama rafiki mbaya, kwamba angeweza kumpata bila mtu yeyote kujua. Angeshuka mwenyewe, angemgusa kwa mkono wenye joto, mambo yangekwisha.

"Nashuka korongo la kulia," alisema. "Nyinyi endeleeni kuita."

Akashuka kwa kamba, akitambaa chini ya magogo, miiba ikimchana mikono. Tone la kwanza lilimpiga shingoni. Kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, kama gunia la mchele lililopasuka. Chini ya korongo kulikuwa na uzi wa maji. Alipokuwa anautazama, uzi ukawa mkono, na mkono ukaanza kusukuma mawe madogo. Hakukuwa na mtu. Dakika ishirini za Hesketh zilikuwa zimeanza kuhesabika.

Akapiga magoti kwenye tope. "Bwana, nionyeshe alipo," alisema. "Nionyeshe, nakuomba."

Hakuonyeshwa kitu. Alibaki na mvua, na mawe, na jambo lile moja alilolijua tangu juu, lililokaa mbele yake wala halikusogea. Alikuwa ameomba aonyeshwe, na alikuwa ameshaonyeshwa. Akainuka akapanda, akivuta kamba mpaka viganja vikatoka damu.

"Sikilizeni," alisema alipofika. "Anatusikia. Haitikii kwa sababu mimi nilimwambia asiitikie."

Thecla alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. "Ile hadithi?"

"Ile hadithi."

Thecla akakimbilia ukingoni, akaita kwa nguvu zake zote, "Mama! Ile ilikuwa hadithi tu! Itika, Mama! Ni Thecla!"

Mvua ikajibu.

"Hawezi kukuamini," Ansel alisema. "Nimemwambia wanajua majina. Nimemwambia wanajua kusali. Kila mlango nimeufunga. Ukimwambia itika, huo ndio mwito wenyewe."

"Basi ufungue!" Thecla alipiga kelele, amemshika kola. "Wewe ndiye uliyeufunga, ufungue!"

Bi Vidal alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, daftari chini ya koti. Ansel hakumwangalia. Alikwenda mpaka ukingo wa kiwanja, mahali ambapo makorongo yote matatu yanaanza, akapiga moyo konde.

"Bibi Ozelia! Ni Ansel Prosper! Ile hadithi ni uongo! Hakuna msaliti! Hakuna wanaoita! Niliitunga mimi!"

Hakuna kitu. Maji sasa yalisikika chini, sauti ya kusaga.

"Niliitunga jikoni kwa mama yangu! Wageni wote walikuwa wanamtaka Hesketh, mimi sina hata mmoja! Nikaona wivu! Nikatunga!"

"Ansel, hii hadithi ni ya babu yangu," Hesketh alisema nyuma yake, kwa sauti ndogo ya kuumia. "Mimi naisimulia kila wiki."

"Babu yupi?" Ansel aligeuka na mvua machoni. "Babu yako alikufa hujaota meno! Uliisikia kwangu, kwenye harusi ya Clovis, ukiwa umelewa!" Akageukia tena bonde. "Bibi! Hata Hesketh nimemdanganya! Na Bi Vidal nimemdanganya leo, sasa hivi, wewe ukiwa umekaa pale! Mjomba Tiburce hakunisimulia chochote! Mjomba Tiburce aliuza samaki, hakuwahi kupanda mlima huu maisha yake yote!"

Hakuwa na kitu kingine kilichobaki isipokuwa kile ambacho hakutaka kabisa kukisema.

"Na asubuhi ulituombea! Ulinitaja jina! Nikasema amina, Bibi, na amina haijapoa mdomoni nikakudanganya! Nikaona umeogopa, nikakuacha uogope, kwa sababu nilitaka jina langu liandikwe ubaoni! Mimi ni mwongo, Bibi! Mwongo!"

Yule mke Mmartinique alikuwa amemshika mumewe mkono.

Na kutoka chini, upande wa kushoto, karibu kuliko walivyodhani, ikaja sauti nyembamba, ya kutetemeka, yenye hasira:

"Tena mwongo mkubwa! Njoo unitoe huku, maji yamenifika kiunoni!"

Thecla alipiga yowe. Hesketh alikuwa ameshafunga kamba kwenye shina kabla Ansel hajageuka. Wakashuka wawili, Ansel mbele, wakikata magugu kwa panga, na chini ya gogo moja kubwa wakaliona shimo: mzee alikuwa amekanyaga majani juu ya hewa tupu, akatumbukia mpaka kwenye korongo, mguu wake ukanaswa kati ya mawe mawili. Maji ya kahawia yalikuwa yanampiga ubavuni. Rozari ilikuwa imezungushwa mkononi mara nne, na midomo yake ilikuwa ya buluu.

Ansel aliingia majini, akamshika mkono. Alimwacha auhisi.

"Una joto," alisema Bibi Ozelia, na hapo ndipo akaanza kulia.

Jiwe halikutaka kutoka. Ansel alizama mara mbili, akalisukuma kwa bega, Hesketh akatumia panga kama wenzo mpaka ncha ikavunjika, na mara ya tatu mguu ukachomoka, umevimba na kupinda pale ambapo mguu haupindi. Mzee aliuma meno. Walimvuta juu kwa kamba, Mmartinique na Bi Vidal na Thecla wakivuta kwa pamoja, Bi Vidal amepoteza kiatu kimoja na hana habari. Walipotazama nyuma, maji yalikuwa yamelifikia lile gogo.

Ilibaki kumteremsha. Kwenye ngazi zile machela haipiti, ila mtu mmoja kwa wakati. Walimfunga mguu kwa vijiti na kitambaa cha mikate, wakamfunga yeye mgongoni kwa Ansel kwa kamba na koti la Bi Vidal. Hesketh alitangulia kinyumenyume, akimwekea Ansel mguu wake ngazi kwa ngazi kwa mikono yake miwili.

"Hapa. Kanyaga hapa. Usiwe na haraka, ndugu yangu."

Hakuwa amewahi kumwita ndugu.

Ngazi zaidi ya mia, zinateleza, mvua ikimwagika juu yake kama mfereji. Bibi Ozelia alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri, na alikuwa na baridi kama samaki. Alimsemesha sikioni, labda ili asisinzie.

"Nilikwenda kutazama walipokaa wazee wetu, majani yakanimeza. Niliwasikia tangu mwanzo," alisema. "Yule mwenye sauti kubwa. Kisha Thecla. Nikasema, Ee Mungu, wamejua hata sauti ya mwanangu. Nikasali nisiitike."

"Nisamehe, Bibi."

"Tazama miguu yako. Nikakusikia na wewe unasema ni uongo. Nikasema, ndivyo watakavyosema. Ila ukaendelea. Wivu. Mjomba wako muuza samaki." Alikohoa. "Nikafikiri, mfu atajiaibisha kwa faida gani? Yeye ameshamaliza kuona haya. Huyu anayelia hivi lazima awe mtu."

Ansel alikuwa anahesabu ngazi, moja moja, kwa kunong'ona.

Chini, Mmartinique aliyekuwa ametangulizwa mbio alikuwa ameshafika kijijini, na wanaume sita wa Anse Soldat walikuwa wanakuja njiani na machela ya miti na blanketi, mama yake Ansel nyuma yao na chupa ya chai ya kakao chini ya mwavuli. Mvua ilikuwa imepungua. Walimfungua mzee kutoka mgongoni kwa Ansel, wakataka kumlaza.

"Ngojeni kwanza," alisema Bibi Ozelia.

"Mama, mguu wako," Thecla alianza.

"Mguu umengoja huu muda wote. Utangoja dakika moja." Alikuwa amekalia ngazi ya kwanza, ile aliyoigusa asubuhi, blanketi mabegani, na alikuwa amemshika Ansel kifundo cha mkono, wala hakumwachia. "Umenitoa majini, nakushukuru, na nitakuombea mpaka nife. Lakini kesho nitakuwa hospitali, kesho kutwa nitakuwa Bradford, na wewe utakuwa hapa na wageni wapya. Nataka nikusikie ukiahidi. Na hawa wakusikie."

Ansel aliwatazama. Hesketh alikuwa amevua kofia. Mama yake alikuwa ameshaelewa kitu, bado hajajua ni nini, na mkono wake ulikuwa mdomoni. Bi Vidal alisimama kwenye tope na kiatu kimoja. Alikuwa ametoa daftari, akatafuta ukurasa, akauchana polepole, akaukunja, akautia mfukoni. Hakusema chochote kuhusu ubao, wala kuhusu kibali cha Ansel cha kuongoza wageni, naye hakuuliza.

Aliweka mkono wake mwingine juu ya jabali. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kupiga kelele, ikabidi wasogee wamsikie.

"Mimi Ansel Prosper," alisema, "mbele ya Mungu, na mbele ya Mama, na Bibi Ozelia na Thecla, na Bi Vidal, na Hesketh, na nyinyi nyote mlio hapa. Naahidi. Kwenye njia hii sitamwambia mtu yeyote jambo nisilolijua kuwa kweli. Nitawahesabu watu wangu kila nikigeuka. Na mgeni akiniuliza kitu kuhusu ngazi hizi, kama sikijui, nitasema sijui."